Kichwa kinauma, tabibu wa Kichina akanishika mkono halafu akanichoma sindano mguuni: wajuzi naomba ufafanuzi

FundiSaa · #1

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi saa, miaka 54, nipo Dar. Mwezi wa nne huu kichwa kinaniuma, hasa utosini, na kinachachamaa jioni au siku nikigombana na mteja. Vidonge vya maumivu nimemeza mpaka tumbo limelalamika. Jirani akanielekeza kwa tabibu mmoja wa Kichina, nikaenda.

Yule mzee hakuniwekea chombo chochote. Alinishika mkono wa kushoto kwa vidole vitatu, akanyamaza kama dakika nzima, akahamia wa kulia. Akaniambia nitoe ulimi. Akamnong'oneza mkalimani maneno mawili matatu, kisha akanichoma sindano miguuni, pale juu kati ya kidole gumba na kinachofuata, na nyingine mbili viganjani. Kichwani hakugusa kabisa. Ni kama mtu aniletee saa ya ukutani imesimama, mimi nifungue redio yake.

Maswali yangu ni mawili. Pale mkononi anasikia nini? Na kichwa na mguu vinajuana vipi?

Mzee wa Kahawa · #2

Nimekaa siti ya mbele na kashata zangu. Ila mkuu hiyo ni ile ya kosa lifanyike kichwani, faini ilipwe na miguu.

Mtazamaji tu · #3

Ngoja waje.

Mkaazi wa Ng'ambo · #4

Nimekuja. Hii ndiyo kazi niliyoisomea miaka mitano Jiangsu, mkoa uleule unaotuma madaktari Zanzibar tangu 1964. Wa Bara walianza kuja 1968, wao wanatoka Shandong. Nitaandika kirefu, asiye na bando atanisamehe.

Mzee wangu, weka kiganja chako juu ya meza, kitazame dari. Papasa upande wa gumba, juu kidogo ya kifundo. Utakuta mfupa umetokeza kama kijinundu. Tabibu anaanza na kidole cha kati, anakitua juu ya mshipa sambamba na kijinundu hicho. Hapo panaitwa guan. Kidole cha shahada kinakaa mbele yake, karibu na kiganja: cun. Cha pete kinakaa nyuma: chi. Mahali patatu kila mkono, jumla sita. Kushoto, kuanzia kiganjani, husomwa moyo, ini, figo. Kulia ni mapafu, wengu, na figo tena, ila upande wake wa moto. Kisha kila mahali hupapaswa kwa uzito tofauti: kugusa tu, kukandamiza kiasi, kukandamiza mpaka karibu na mfupa.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo niseme mapema: "ini" la tiba ya Kichina si lile ini la buchani. Ni jina la kundi la kazi za mwili. Ini lao linahusika na mtiririko, hasira, kano na macho. Wengu lao ndilo linalomeng'enya chakula. Ukiambiwa "ini lako limebana" usikimbilie kupima homa ya ini.

Zamani hawakuishia mkononi. Walipapasa kichwani, mikononi na miguuni. Kitabu cha Nan Jing, chenye maswali magumu 81, ndicho kilichosimamisha katika swali lake la kwanza kabisa kwamba mkono peke yake unatosha. Baadaye, karne ya 3, Wang Shuhe akaandika Mai Jing na kupanga aina 24 za mapigo. Li Shizhen mwaka 1564 akafikisha 27, na sisi darasani tulikaririshwa 28. Wang Shuhe mwenyewe alikiri kwenye utangulizi wake kwamba jambo hili moyoni ni jepesi kulifahamu, chini ya vidole ni gumu kulibainisha. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalaza unywele chini ya karatasi, kisha mbili, kisha tatu, nikiutafuta kwa ncha ya kidole. Nilikuwa naupata kwa sababu najua nimeuweka wapi, si kwa sababu nausikia!

Aina zenyewe zimeelezwa kwa mifano ya vitu. Kuna mapigo yanayoelea, ukigusa tu unayapata, ukikandamiza yanafifia. Hayo huambatana na mafua mapya. Kuna yaliyozama. Kuna ya haraka, zaidi ya mapigo matano katika pumzi moja ya tabibu, na ya polepole, chini ya manne. Kuna yanayoteleza kama lulu zinazobingirika sahanini, na yanayokwaruza kama kisu kinachoparura mwanzi. Kuna yenye uwazi ndani kama jani la kitunguu, ambayo huja mtu akishapoteza damu nyingi. Na kuna membamba kama uzi, ambayo humu jukwaani tungeyaita mapigo ya mleta mada.

Wewe nadhani ulisomwa xian: marefu, yaliyonyooka, yamekazwa kama uzi wa zeze. Xian kwenye guan ya kushoto ni habari ya ini. Ongeza umri, hasira na maumivu ya utosini, tabibu amepata picha: yang ya ini, yaani nguvu yake ya moto, inapanda juu. Kwao kila kiungo kina njia yake inayopita mwilini. Ya ini huanzia kidole gumba cha mguu, hupanda kwa ndani ya paja, hupita mbavuni, hufika jichoni na kuishia utosini. Ndiyo sababu ya mguu. Ile nukta uliyochomwa mguuni inaitwa Taichong. Ya kiganjani, kati ya gumba na shahada, ni Hegu. Zote nne zikichomwa pamoja zinaitwa milango minne. Anaivuta chini ile iliyopanda.

Sasa swali langu kwako, na ulijibu kabla ya kurudi kwake: presha umepima lini?

FundiSaa · #5

Mkuu ubarikiwe. Hiyo ya uzi wa zeze nimeielewa kwa lugha ya saa. Kamani ikikazwa kupita kiasi, saa inapiga, lakini mlio wake ni mkavu. Mtu asiye fundi hasikii tofauti, mimi nasikia nikiwa chumba cha pili.

Presha nilipima kama miaka mitatu iliyopita.

Dkt Mbishi · #6

Naomba niwe mchawi wa harusi hii. Sina ugomvi na Wachina. Tu Youyou, mwanasayansi wao, alichimbua artemisinini kutoka kwenye maandiko yao ya kale, akapewa Nobel 2015, na dawa mseto tunayomeza kwa malaria ni kizazi cha kazi ile. Lakini pale mtu aliutoa mmea kitabuni akaupeleka maabara. Mapigo 28 yamepelekwa maabara gani? Wakiletwa matabibu kadhaa wamshike mgonjwa mmoja, mara nyingi hawakubaliani.

Na hizo nukta. Ujerumani walifanya jaribio kubwa, likatoka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa kwenye nukta halisi, la pili likachomwa sindano za danganya toto, juujuu tu na nje ya nukta, la tatu likapata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu: 47.6%, 44.2% na 27.4%. Tazameni hizo mbili za kwanza. Kama kuchoma popote kunafanya karibu sawa na kuchoma Taichong, miaka mitano ya kukariri nukta ilikuwa ya nini?

Mkaazi wa Ng'ambo · #7

Daktari, takwimu zako ni sahihi na sitazizunguka. Nilizisoma nikiwa mwaka wa tatu na zilininyima usingizi. Tazama na ile ya tatu pia: nukta halisi na danganya toto zote ziliacha mbali matibabu ya kawaida. Kuchomwa kunafanya kitu. Kuchomwa *pale hasa* ndiko kunakodaiwa ushahidi, na kwa kiuno ushahidi huo ni mwembamba. Pengine hali ni nyingine. Nukta ya Neiguan, upana wa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili, imepimwa kwa kichefuchefu baada ya upasuaji katika majaribio 59 yaliyokusanywa pamoja 2015, na ilishinda danganya toto. Lakini angalia, Neiguan haihitaji hata kushika mapigo. Kila mtu anabonyezwa palepale.

Nitakupa silaha nyingine, maana wewe umeshambulia mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi. Chukua mama mmoja, kiuno kinauma, amechoka, miguu baridi. Mapigo yamezama, membamba, na chi zote mbili hazina nguvu. Kila shule itasema figo imepungukiwa. Sasa tazama zinavyoachana njia.

Mchina wa leo, aliyefuata mtaala uliotokana na vyuo vya serikali vilivyofunguliwa 1956 Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, mapigo kwake ni shahidi mmoja kati ya wengi. Anauliza, anatazama ulimi, anataja hali, kisha anachagua nukta kwa kazi zake. Atachukua Taixi, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, ili kuijaza figo. Ataongeza Shenshu mgongoni na Weizhong nyuma ya goti, kwa sababu kuna mstari tuliokaririshwa sote: kiuno na mgongo, katafute Weizhong.

Mjapani wa ile shule iliyokua miaka ya 1930 kumzunguka Yanagiya Sorei anafanya vingine kabisa. Kwake mapigo ndiyo hakimu. Analinganisha mahali pale sita, anatafuta palipo dhaifu kuliko pote, kisha anarudi Nan Jing, swali la 69: palipopungua, mjaze mama. Katika mzunguko wa vitu vitano (mti, moto, udongo, chuma, maji), chuma humzaa maji, na kila njia ina nukta ya kila kimoja. Figo ni maji, mama yake ni mapafu, ambayo ni chuma. Basi anachukua nukta ya chuma kwenye njia ya figo, Fuliu, na nukta ya chuma kwenye njia ya mapafu, Jingqu. Sindano nyembamba, haizami, mgonjwa anaweza asihisi kitu. Halafu, na hili ndilo ninalolipenda, anashika mapigo tena palepale. Yasipobadilika, kazi haijafanyika.

Mkorea anafuata njia ya Saam, mtu ambaye jadi inasema alikuwa mtawa wa karne ya 17, na anatumia sindano nne. Anajaza Jingqu na Fuliu kama Mjapani. Lakini anaongeza: udongo huzuia maji, kwa hiyo udongo upunguzwe. Anapunguza Taibai ya wengu, na nukta ya udongo kwenye njia ya figo. Mnajua nukta ya udongo kwenye njia ya figo ni ipi? Ni Taixi. Ileile ambayo Mchina *anaijaza*!

Mgonjwa mmoja, mapigo yaleyale, mmoja anaongeza pale ambapo mwingine anapunguza. Na wote watatu wana wagonjwa wanaorudi na kushukuru. Nilimuuliza mwalimu wangu jambo hili. Akanitazama, akasema njia za kupanda mlima ni nyingi, akaondoka kwenda kula. Sikuridhika siku ile na sijaridhika leo.

Ninachoamini mimi baada ya miaka ya kushika mikono ya watu: mapigo hayakupi jibu, yanakupa swali la kumuuliza mgonjwa. Nikikuta uzi wa zeze nauliza usingizi, hasira, kichwa. Nikikuta yamezama kwenye chi nauliza kiuno na safari za chooni usiku. Mara nyingi mtu anashtuka, "umejuaje?" Sijajua, nimeuliza mahali pazuri. Anayekushika mkono akakutajia magonjwa saba bila kukuuliza hata jina lako, huyo ni mpiga ramli aliyevaa koti jeupe.

Dkt Mbishi · #8

Sikutarajia mlango wa nyuma ufunguliwe na mwenye nyumba. Hapo kwenye "swali" tunaweza kunywa chai pamoja. Nasi tulifundishwa kushika mshipa huohuo kabla ya vipimo havijaja. Mshipa mgumu wa mtu mzima ni mshipa uliokakamaa, hata sisi tunauhisi.

Mama Pacha · #9

Jamani mimi nataka kujua mambo mawili. Mapigo yanaweza kuonyesha mimba? Na kwenye zile tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili, tabibu haruhusiwi kumgusa malkia, basi anamfunga uzi wa hariri mkononi, anashika ncha ya pili nje ya pazia na kutaja ugonjwa. Ni kweli?

Mkaazi wa Ng'ambo · #10

Ya uzi wa hariri ni ngano tamu. Inasimuliwa juu ya Sun Simiao, tabibu mkubwa wa zama za Tang. Uzi uliolegea haupitishi mapigo. Ukweli wa kibinadamu ni kwamba wahudumu wa malkia walishamwambia tabibu kila kitu kabla hajafika pazia.

Mimba: vitabu vinasema mapigo ya mja mzito huteleza, zile lulu sahanini. Nami nimeyahisi mara nyingi. Nimeyahisi pia kwa mtu aliyetoka kula pilau, na kwa kijana mzima wa afya. Kipimo cha mkojo dukani ni bei ya soda mbili, nunua hicho. Ila ukiwa na mimba kweli mwambie mchoma sindano kabla hujalala kitandani. Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, Hegu ya kiganjani, na Jianjing ya begani, hizo kwa jadi haziguswi kwa mja mzito. Akikuuliza mwenyewe kabla hujasema, ujue amesoma.

Bi Shangani · #11

Assalaam alaykum. Nyongeza ndogo. Msidhani kushika mapigo ni kwa Wachina tu. Ibn Sina katika Kanuni, kitabu chake cha tiba, ana mlango mzima wa mapigo, naye alimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale. Na hizi mbili zilikutana zamani: mwaka 1313 kule Tabriz, waziri Rashid al-Din alisimamia kitabu cha Kiajemi kilichofasiri elimu ya mapigo ya Wachina, pamoja na michoro yao. Kwa hiyo mtu wa Uajemi aliweza kusoma habari za cun, guan na chi karne saba nyuma.

Na sisi tulikuwa na wapiga chuku wetu, pembe ya ng'ombe na wembe. Wachina nao wanapiga chuku, ila kwa vikombe vya kioo na moto.

Mzee wa Kahawa · #12

Humu ndani wapiga chuku ni wengi na hawana hata pembe.

Kijana wa Mbagala · #13

Mimi nililiwa. Kuna ofisi moja nilipita, wakanishikisha chuma kama mpini wa baiskeli umeungwa kwenye kompyuta. Dakika moja karatasi ikatoka: figo, ini, kongosho, mpaka "sumu mwilini" kwa asilimia. Wakasema ni teknolojia ya mapigo ya Kichina. Nikanunua makopo matatu kwa laki mbili na themanini. Baadaye rafiki yangu alikwenda palepale, karatasi yake karibu ni photokopi ya yangu, na yeye ana miaka 22 anacheza mpira kila siku.

Mkaazi wa Ng'ambo · #14

Pole sana ndugu. Mpini ule haufanani kwa lolote na tuliyozungumza. Vidole vitatu, mahali sita, uzito wa aina tatu. Chuma ulichokishika kwa ngumi kinapapasa guan ipi?

Kuna mashine za kweli za mapigo, zina kihisio kinachokaa juu ya mshipa na kuchora wimbi, zinatumika kwenye utafiti. Hazitoi makopo.

Mitihani ya wenzetu ilikuwa ya haki kuliko karatasi yako. Mwaka 1027, zama za Song, Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu za shaba za mtu mzima, zimetobolewa kwenye kila nukta. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu inapakwa nta, matundu yanazibika, ndani inatiwa maji. Mwanafunzi anaambiwa nukta, anachoma. Akipatia, maji yanatoka. Akikosea, sindano inapinda mbele ya wote.

Na kwa wanaokwenda kuchomwa, tazameni jambo moja tu: sindano itoke kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, ikitoka mwilini iende kwenye kisanduku cha taka za ncha kali. Begani na kifuani asizamishe. Mapafu yapo karibu kuliko watu wanavyodhani, yakitobolewa ni dharura ya hospitali.

FundiSaa · #15

Wakuu nimerudi. Jana nilipita kituo cha afya kama nilivyoulizwa. Mara ya kwanza 172 kwa 108. Wakanipumzisha nusu saa, 168 kwa 104. Nimepewa dawa, na nirudi baada ya wiki mbili. Daktari aliuliza kichwa kinauma wapi na tangu lini, halafu akanishika mkono palepale alipoanzia yule mzee. Nilitaka kucheka.

Mkuu wa Ng'ambo, sindano niache au niendelee?

Mkaazi wa Ng'ambo · #16

Alhamdulillah umepima, mzee wangu. Dawa usiache hata siku moja, kichwa kikipoa ndiyo khasa usiache. Sindano ukipenda endelea pembeni yake, haina vita na vidonge. Ila siku ukienda mwambie mkalimani aanze na hili: unatumia dawa ya presha, na jina lake mpelekee kwenye kikaratasi. Baadhi ya dawa hizo hupunguza kasi ya mapigo, nyingine hulegeza mshipa. Asipojua, atakushika, akute kamani imelegea, aandike kwenye daftari kwamba ni Taichong.